Maswali ya Wasomaji: Nguo za Safari na Kamba ya Kuanikia

Likizo ya katikati ya mwaka inakaribia, na barua nyingi za mwezi huu zinauliza kuhusu safari za Mtwara na Lindi, mabegi yasiyofungika na nguo zisizokauka. Tumechagua tano.

Shikamooni. Mwezi wa saba tunatoka Dar es Salaam kwenda Mtwara mjini siku sita, kisha Newala siku nne. Tuko wanne: mimi, mume wangu, na watoto wa miaka 6 na 9. Safari iliyopita tulibeba mabegi matano, na nusu ya nguo zilirudi bila kuvaliwa. Nipunguzeje bila watoto kukosa cha kuvaa? (Mama wa wawili, Tabata)

Marahaba, dada. Hesabu ya siku ndiyo inayojaza begi. Wewe hesabu muda ambao nguo inachukua kukauka.

Mwezi wa saba mvua za Kusini zimeshakwisha na upepo wa kusi unavuma kutoka baharini. Fulana nyepesi ikianikwa saa mbili asubuhi mahali penye jua na upepo, mchana inakunjwa. Kwa hiyo mtu mzima anatosheka na nguo za kubadilisha mara tatu: moja mwilini, moja kambani, moja kavu begini. Mtoto mwongezee moja, maana mchanga na uji havina miadi.

Kwako tungeweka madera mawili, sketi moja na blauzi mbili. Kwa mzee, suruali mbili za kitambaa chembamba, fulana tatu na shati moja la kutokea. Nguo za ndani nne kwa kila mtu, zifuliwe kila jioni wakati wa kuoga. Jinzi moja tu kwa anayeitaka sana, na aivae siku ya safari, kwa sababu inazidi nusu kilo hata ikiwa kavu. Msidharau baridi ya Newala: ni juu kwenye uwanda wa Makonde, na usiku wa Julai unadai sweta. Kila mtu moja, nayo isafiri mkononi, kwani ndani ya basi alfajiri mtaihitaji pia.

Taulo kubwa acheni nyumbani. Bebeni kanga, doti mbili kwa familia nzima. Kanga inafuta maji, inafunika mtoto kwenye basi, inasitiri anayebadili nguo ufukweni, na ikifuliwa inakauka kabla taulo halijaanza kuacha kuchuruzika.

Vya kufulia ni vichache: kamba ya manila ya mita tano, vibanio kumi, kipande cha sabuni ya mche na robo kilo ya sabuni ya unga ndani ya kopo lenye kifuniko cha kuzungusha. Ndoo ya lita 10 inataka vijiko viwili vya chakula, yaani karibu gramu 25. Mkifua mara tano, ndoo mbili kila mara, robo kilo inaisha bila kubaki. Wengi hukosea hapa: wanajaza sabuni wakidhani inaongeza usafi, halafu maji ya kusuuza hayatoshi, sabuni inabaki kwenye uzi na nguo inawasha shingoni.

Fueni kila baada ya siku mbili, na mfuo mkubwa uwe Mtwara siku moja kabla ya kupanda Newala. Huko juu ulizeni kwanza habari ya maji kabla ya kuloweka chochote, na nguo ziingie ndani kabla ya magharibi, vinginevyo umande utazirudisha ubichi.

Nguo za kila mtu ziviringishwe na kutiwa kwenye foronya yake. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na hata kabla ya hapo haikuifaa nguo mbichi. Nguo mbichi ikifungiwa bila hewa inaanza kunuka uvundo siku hiyohiyo, na ikilala hivyo siku mbili tatu inafanya kawa, vile vidoa vyeusi ambavyo kwenye pamba nyeupe havitoki vyote. Ikibidi kusafiri na nguo mbichi, ifungwe kwenye kanga na ikae juu kabisa ya begi.

Jambo la mwisho: basi linakwenda karibu kilomita 560 na mabegi makubwa yako kwenye buti. Mfuko mdogo wa miguuni uwe na nguo moja kamili ya kila mtoto.

Tunapofika Kilwa Masoko sabuni haitoi povu, nguo zinakakamaa kama ubao, na zikishakauka jioni zinakuwa na unyevu tena. Sabuni ni ileile ninayotumia nyumbani. Tatizo ni nini? (Msomaji, Lindi mjini)

Sabuni haina kosa. Tatizo liko kwenye maji, na inawezekana ni matatizo mawili kwa pamoja.

La kwanza ni chokaa. Mwambao wa Kilwa umekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya kisima yanayopita humo yanabeba madini ya chokaa. Sabuni ya mche ikikutana na madini hayo haitoi povu, inageuka utando mweupe unaoelea. Utando huo ukinasa kwenye nguo ndio unaoikakamaza, na unashika jasho na uchafu pamoja nao. Dawa yake ni magadi. Tia kijiko kimoja cha chakula cha magadi yaliyosagwa kwenye ndoo ya lita 20, koroga, acha nusu saa. Weupe ukizama chini, mimina taratibu maji ya juu ufulie hayo. Sabuni ya unga nayo huvumilia maji magumu kuliko ya mche. Ila magadi yasiguse hariri wala sufu, na kitenge kipya kitatoa rangi.

La pili ni chumvi, na hili ndilo linaloleta ule unyevu wa jioni. Chumvi iliyobaki kwenye nguo huvuta maji kutoka hewani. Mchana jua linaificha hali hiyo. Jua likizama na hewa ya bahari ikiwa nzito, nguo inakuwa mbichi tena ingawa hakuna aliyeimwagia maji. Magadi hapa hayasaidii kitu. Onja tone moja ulimini: kama ni chumvi, fulia hayo hayo, lakini suuzo la mwisho liwe la maji yasiyo na chumvi, ya bomba au ya mvua. Lita tatu zinatosha fulana nne ukizikamua vizuri kwanza, kwa sababu maji ya chumvi uliyoyakamua ni chumvi usiyohitaji kuisuuza.

Nguo za kuogelea na za mashuani zifanyiwe hivyo siku hiyohiyo. Mkivuka kwenda Kilwa Kisiwani kuona magofu na mawimbi yakawarushia maji, msizikunje nguo hizo zikiwa na chumvi yake. Begi zima litavuta unyevu.

Mwezi wa kumi nilikwenda shambani Tandahimba na shati jeupe likadondokewa na maji ya bibo, lile tunda la mkorosho. Nilisugua kwa sabuni papo hapo, doa likazidi kuwa la kahawia. Lipo hadi leo. (Kijana wa Mtwara)

Pole sana. Haraka uliyofanya ilikuwa sahihi, ila ulianza na kitu kisichofaa. Maji ya bibo yana ukakasi uleule unaobana ulimi ukilila, na ukakasi huo ukikutana na sabuni ya mche hukolea rangi na kung'ang'ania uzi. Maji ya moto na pasi hufanya vivyo hivyo.

Siku nyingine geuza kitambaa, mimina maji baridi kupitia upande wa nyuma mpaka yatoke meupe. Kisha kamulia ndimu, au siki sehemu moja kwa maji sehemu mbili, acha robo saa, suuza. Baada ya hapo ndipo utumie sabuni ya unga. Kwenye nguo ya rangi jaribu kwanza kwenye pindo la ndani.

Doa lako la sasa, kwa kuwa shati ni jeupe, loweka usiku kucha kwenye maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, kisha ndimu na jua. Rudia mara mbili. Litafifia. Kutoka kabisa hatukuahidi, na kama shati lilishapigwa pasi uwezekano ni mdogo.

Usichanganye na utomvu wa ganda la korosho. Ule ni mafuta, unababua ngozi na kuacha weusi. Futa kwanza kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia, mikono ikiwa imefunikwa, kisha sabuni ya vyombo. Na vumbi jekundu la Masasi na Newala lina kanuni yake: likung'ute likiwa kavu kabla nguo haijagusa maji, na usilitie jiki, kwa sababu wekundu wake ni wa kutu, na jiki huikoleza kutu.

Nimefua suruali usiku kwenye nyumba ya wageni na asubuhi nasafiri. Nifanyeje? (Msafiri, Nachingwea)

Itandaze juu ya taulo kavu, viringisha vyote pamoja, kanyaga kwa miguu dakika mbili. Maji mengi yataingia kwenye taulo. Kisha igeuze nje ndani, itundike kwa kiuno chini ya feni ikiwa imebanuliwa, mifuko imetolewa nje. Usiiache bafuni. Suruali nyepesi itakauka, ila jinzi itabaki mbichi mishononi, na hiyo hakuna ujanja.

Tulianika nguo za mtoto kwenye nyasi, bibi yake akasema hazivaliwi mpaka zipigwe pasi pande zote. Ni imani tu? (Baba, Mikindani)

Bibi yuko sahihi, msikilize. Yuko nzi anayetaga mayai kwenye mchanga wa kivulini na kwenye nguo mbichi, na kiluwiluwi chake kikigusa ngozi kinaingia na kufanya kijipu chenye tundu katikati. Anikeni juu kwenye kamba, juani, si ardhini wala kivulini. Pasi ya moto ipite ndani na nje, hasa mishono na kiuno cha chupi. Kama hamna pasi safarini, nguo iliyolala chini ikae wiki mbili kabla ya kuvaliwa. Kijipu kikishatokea msikikamue, mpelekeni mtoto zahanati. Na mkipata pasi ya kuazima kwa dakika chache tu, anzeni na nepi.