Usipande mvule kando ya mvule mwenzake: miche 300 yangu iliishia kuwa minne

Mwenye uzi, acha kuchimba hayo mashimo leo hii. Umeandika kwamba umekwisha kufyeka vichaka vyote ili upande mivule 200 kwa mistari katika uwanja ulio wazi, kusudi ndege na popo wapate chakula, kisha ukauliza kuhusu mbegu, umwagiliaji na umbali wa shimo hadi shimo. Mimi nilifanya vivyo hivyo kwa miche 300, na leo ninayo mivule minne.

Kilichoniangusha hakikuwa ukame wala mchwa, ambao nilikuwa nimejiandaa kupambana nao kama jemadari, bali mdudu mdogo afyonzaye utomvu ambaye wataalamu humwita Phytolyma. Jike hutaga mayai kwenye machipukizi, na mtoto wake akianza kufyonza, mmea humvimbia pande zote mpaka akafungika ndani ya kinundu. Kinundu kikipasuka, kuvu huingia, chipukizi huoza, na mche hulazimika kuchipua upya ubavuni, ambako machimbuko hayo laini huwa karamu ya kizazi kinachofuata. Miche yangu iliurudia mzunguko huo kwa misimu miwili hadi ikawa vijiti vyenye mafundo, nami nikiendelea kuinyunyizia dawa kila wiki ilhali mdudu amejifungia ndani na hafikiwi. Majirani waliisifu bidii yangu. Nadhani walikuwa wakinicheka.

Aliyenipotosha ni muuza miche mmoja, aliyeniambia kwa sauti ya mtu aliyesoma sana kwamba mvule hupenda jua, kwa hiyo niondoe kila kivuli. Ni kweli kwamba mvule ni mti wa mwanga, lakini hakuniambia kwamba msituni mivule huota kwa kutawanyika, kila mmoja ukizungukwa na miti ya aina nyingine, wala kwamba kuirundika michanga mahali pamoja juani ni kumwandalia mdudu huyo meza. Nilipomrudia na kilio changu, alinishauri ninunue mingine 300.

Kanuni yangu ni moja tu: mvule usipandwe karibu na mvule. Viache vichaka vichipue tena, tanguliza mikuyu na mikongo, kisha chomeka mvule mmoja hapa na mwingine kule mbali, chini ya kivuli chepesi ambacho utakipunguza kidogo kidogo kadiri mti unavyorefuka. Mivule yangu minne iliyopona ni ile iliyokuwa ukingoni, mahali ambapo uvivu ulinizuia kufyeka, na tangu hapo uvivu nimeuhesabu kuwa mbinu halali ya kilimo.

Kuhusu popo, ujue kwamba mvule una miti dume na miti jike, na ni jike pekee uzaao yale matunda laini ambayo popo wakubwa huyala usiku na kuzitawanya mbegu zake mbali. Jinsia huijui mpaka mti utoe maua, kwa hiyo huenda ukasubiri miaka mingi na kumbe umelea dume. Mkuyu hauna fumbo hilo, tena huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na ndege wako hawatakaa njaa wakiingoja mivule.

Kama umekwisha kuagiza ile miche 200, mpigie simu muuzaji kabla hajaipakia garini.