Asilimia 10 ya mstaafu si sawa na asilimia 10 ya waziri

Ndugu, umeuliza kuna ubaya gani wastaafu na maskini nao wakikatwa wakati serikali inabana matumizi, maana asilimia ni ileile kwa kila mtu. Nakujibu kwa niliyoyaona nyumbani.

Marehemu baba alikuwa na daftari la pensheni yake. Kila mwezi anaandika: kodi, umeme, nauli ya kliniki, dawa. Pensheni ilipopunguzwa hakulalamika. Nilikuja kujua siku nilipomkuta mezani na wembe, anakata vidonge vya presha nusu nusu, na ule unga unaobaki anauokota kwa ncha ya kidole na kuulamba. Mwenye mshahara mnono akikatwa asilimia 10 anaahirisha kubadilisha gari. Baba hakuwa na cha kuahirisha isipokuwa dawa.

Na pensheni si sadaka jamani! Ni jasho lake, alikatwa mwezi baada ya mwezi akiwa na nguvu, kwa ahadi kwamba akichoka atalipwa. Latvia mwaka 2009, uchumi ukiwa hoi, serikali ilikata pensheni kwa asilimia 10, na kwa wastaafu waliokuwa bado wanafanya kazi, asilimia 70. Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ikaamua makato yale yanavunja katiba na wazee warudishiwe fedha zao.

Wapo wanaosema tuwabakizie maskini wa kweli tu. Uingereza walifanya hivyo mwaka 2024 kwenye posho ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi: apate tu mstaafu anayepokea msaada wa kipato cha chini. Kumbe wengi wanaostahili msaada huo hawajawahi hata kuuomba. Mwaka 2025 serikali ikarudi nyuma, ikairejesha kwa wenye kipato kisichozidi pauni 35,000 kwa mwaka.

Kuna na kukata kwa kimyakimya, pensheni inaachwa palepale huku bei zinapanda. Mimi naona kukata huko ndiko kubaya zaidi, kwa sababu hakuna tangazo la kupinga.

Sisemi madeni ya serikali yasilipwe. Nasema waanze na misamaha ya kodi ya matajiri, waende kwenye magari na safari za wakubwa, na anayekata kidonge kwa wembe awe wa mwisho kabisa kuguswa.