Fainali ya Mbao ilistahili mechi mbili

Mhariri, mmeuliza: fainali ya kombe ikikutanisha timu mbili za nchi moja, ichezwe mara moja kwenye uwanja wa kati, au nyumbani na ugenini? Nadhani wasomaji wa Dar es Salaam watajibu kwa raha zao, maana wao mpira mkubwa wanao mwaka mzima. Sisi wa Mwanza swali hili linatugusa kwenye kidonda. Nasema zichezwe mechi mbili, na ninazungumzia Mbao FC, timu ya mji wetu.

Kwa waliosahau: mwaka 2017, ikiwa kwenye msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, Mbao iliitoa Yanga kwa bao 1-0 hapa Mwanza, Uwanja wa CCM Kirumba, katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani. Fainali ikapangwa Mei 27, Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, dhidi ya Simba. Dakika 90 ziliisha bila bao. Kwenye nyongeza Simba wakatangulia, Mbao wakachomoa, kisha mpira ukiwa ukingoni ikatoka penalti, Kichuya akatia kambani, 2-1. Ubishi wa ile penalti haujaisha vijiweni mpaka leo na mimi siuingilii. Kinachoniuma ni kwamba msimu mzima wa timu ya mji uliamuliwa jioni moja, mahali palipo karibu kilomita 700 kutoka hapa. Mbeba magunia wa dagaa pale Mwaloni, ambaye kutoka kazini kwake mpaka Kirumba ni mwendo wa miguu tu, aliitazama fainali ya timu yake kwenye kibanda umiza, kabanwa kwenye benchi, shingo kainyoosha kukwepa kichwa cha mtu wa mbele.

Najua jibu litakalokuja: fainali moja inazungushwa mikoani, kila mtu anapata zamu. Ni kweli inazungushwa, na mikoa inafurahi. Imekwenda Lindi, Sumbawanga, Kigoma, Tanga. Ile ya Kigoma mwaka 2021 ilikuwa Simba na Yanga wenyewe, na Lwanga akawafungia Simba bao pekee. Kwa watani wale utaratibu huo ni sawa kabisa. Timu mbili zinazotumia Uwanja wa Mkapa ukizipangia nyumbani na ugenini unazipangia nini, kubadilishana vyumba vya kuvalia? Wao wapewe mechi moja, wapelekwe mbali, watu wa huko wawaone. Lakini timu ya Mwanza ikikutana na timu ya Dar, au ya Mbeya na ya Tanga, nyumbani kwa kila mmoja kupo, na watu wake wapo.

Halafu kuna ile wiki ya katikati, ambayo fainali ya siku moja haina. Mechi ya kwanza imeisha 2-1, marudiano bado. Hapo ndipo kila kinyozi anakuwa kocha. Wanaoongoza wanaogopa, waliofungwa wanapata kiburi: "Bao moja tu hilo, waje huku." Mama ntilie anapika zaidi, wauza jezi wanaagiza mzigo, na mtu asiyejua hata kipa anaitwa nani anaanza kupiga hesabu za jumla ya mabao. Ulaya waliijua raha hii mapema. Fainali ya kwanza kabisa ya Kombe la UEFA, mwaka 1972, ilikuwa ya Waingereza watupu: Tottenham walishinda 2-1 kwa Wolves, mabao yote mawili ya Martin Chivers, wakarudi London wakatoka 1-1. Kati ya mechi hizo mbili zilipita wiki mbili nzima. Wiki mbili! Hapa Mwanza watu wangeugua.

Na Afrika tusijifanye jambo hili hatulijui. Mwaka 2008 fainali ya Kombe la Shirikisho la CAF iliwakutanisha Watunisia wawili, Sfaxien na Étoile du Sahel. Sfax ikaisha 0-0, Sousse ikaisha 2-2, na Sfaxien wakabeba kombe kwa mabao ya ugenini (jumla ikilingana, aliyefunga mengi ugenini ndiye mshindi), ndani ya uwanja wa jirani zao. Al Ahly na Zamalek walipokutana kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2020, CAF ilikuwa imeshahamia kwenye mechi moja. Ikachezwa Cairo, majukwaa hayana mashabiki kwa sababu ya corona, Ahly wakashinda 2-1. Baadaye CAF wenyewe wakarudi kwenye mechi mbili.

Wanaopinga hukimbilia River Plate na Boca Juniors, watani wa Buenos Aires, Argentina. Mwaka 2018, kwenye fainali ya Copa Libertadores, kombe la klabu za Amerika Kusini, mechi ya kwanza kwa Boca ilikuwa 2-2. Ya marudiano haikuchezwa Buenos Aires, kwa kuwa basi la Boca lilishambuliwa likielekea uwanjani, fainali ikahamishiwa Madrid, River wakashinda 3-1 baada ya nyongeza. Aibu, sikatai. Ila wengi hudhani vurugu zile ndizo zilizoleta fainali ya mechi moja huko Amerika Kusini, wakati uamuzi ulipitishwa miezi kadhaa kabla. Na hiyo fainali moja ya kwanza, 2019, ilipangwa Santiago, maandamano yakazuka Chile, ikahamishiwa Lima. Kwa hiyo uwanja wa kati nao si kinga.

Hoja inayonisumbua kweli ni ya hapa nyumbani. Simba au Yanga wakija Kirumba, sehemu kubwa ya jukwaa ni yao, na hao ni vijana wetu wa Igoma, Buzuruga na Nyakato, wamevaa nyekundu au kijani bila haya. Sasa nyumbani kwa Mbao ni wapi hapo? Jibu ninalo nusu tu: kwenye ile nusu fainali ya 2017 mashabiki wa Simba wa mji huu wote waligeuka Mbao, na fainali ilipofika watu wa Yanga wakachukua zamu. Timu ya mkoa mwenzetu anaishangilia pale inapomuumiza mtani wake. Si mapenzi, lakini kelele ni kelele.

Mkikubali mechi mbili, sharti langu ni moja: sheria ya bao la ugenini isiwepo. Yanga walifungwa 2-1 na USM Alger Dar es Salaam mwaka 2023, wakaenda kushinda 1-0 Algiers, na kombe wakalikosa. Timu imeshinda ugenini fainali ya Afrika, imerudi na medali za mshindi wa pili! UEFA waliifuta sheria hiyo 2021. Jumla ikilingana, waongezewe dakika, kisha wapige matuta.

Mbao ilishuka daraja 2020, na sasa Ligi Kuu tunawakilishwa na Pamba Jiji. Ikitokea siku Pamba wakafika fainali, mechi ya Kirumba ianze saa tisa alasiri, isiwe ya usiku kwa ajili ya televisheni. Daraja la Kigongo–Busisi limeshafunguliwa, watu wa Sengerema na Geita hawana tena haja ya kusubiri kivuko, lakini wa kisiwani Ukerewe bado wanategemea vyombo vya majini kurudi kwao, na tiketi za jukwaa la mzunguko ndio wanaozimaliza.