Zimua virusi kwanza, lenzi itasubiri

Usiwadunge panya wako virusi hivyo kama vilivyotoka kwenye chupa. Umeuliza ununue hadubini ipi ya kubebwa kichwani na panya, na utumie programu ipi kuchambua picha, lakini katikati ya swali umeandika kwamba utadunga bila kuzimua virusi vinavyoingiza GCaMP6, protini inayong'aa seli ya ubongo inapofanya kazi, ili seli zing'ae vizuri. Hapo ndipo moyo wangu ulipouma, kwa kuwa nami niliambiwa maneno hayohayo.

Aliyeniambia alikuwa mtafiti mzoefu niliyemheshimu, nami nikawadunga panya 11 virusi vya ukolezi kamili kwenye hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu iliyo ndani ya ubongo, nikafyonza sehemu ya gamba la ubongo iliyo juu yake, nikateremsha lenzi yenye kipenyo cha milimita 1, ambayo hadubini huchungulia seli kupitia kwake, na kuikaza kwa saruji ya meno. Wiki ya 3 seli ziling'aa mno, nikashangilia. Kufikia wiki ya 7 panya alikuwa akikimbia huku na huku ilhali seli zake zimebaki na mng'ao uleule, haziwaki wala hazififii. Tulipokata vipande vya ubongo, karibu kila seli ilikuwa imejaa kijani hadi ndani ya kiini. Katika seli yenye afya GCaMP hukaa nje ya kiini, kwa hiyo seli huonekana kama pete yenye tundu jeusi. Tundu likijaa, seli hiyo inaugua na mwako wake hauaminiki tena. Kumbuka kwamba GCaMP hung'aa kwa kuishika kalsiamu, na ikizidi mno huikamata hata ile ambayo seli inaihitaji kwa kazi zake. Nilipoteza miezi 8, na wanyama 11 walipasuliwa vichwa bure. Baadaye nikagundua kwamba mshauri wangu hakuwahi hata mara moja kukata ubongo wa panya wake na kutazama viini. Hilo sijamsamehe.

Kwa hiyo, kabla ya lenzi yoyote, chukua panya wachache, wadunge virusi hivyo kwa viwango mbalimbali, yaani kamili, kisha vilivyozimuliwa mara 5, mara 10 na mara 20, halafu ukate ubongo wa baadhi yao baada ya wiki 4 na wa wengine baada ya muda uleule utakaodumu jaribio lako. Kiwango kinachokupa pete hadi mwisho ndicho chako. Ukipata chupa ya toleo jingine, rudia upya, hata kama karatasi yake inadai ukolezi ni uleule.

Kuhusu hadubini, ile iliyotangazwa na watafiti wa Stanford mwaka 2011 ilikuwa na gramu 1.9, na panya mzima ana gramu 20 hadi 30, basi yoyote iliyo karibu na uzito huo ataibeba. Hata iliyo bora kuliko zote itakuonyesha seli mgonjwa iking'aa.

Chupa yako imeandikwa ukolezi gani, na umepanga kurekodi kwa wiki ngapi? Tuandikie hapa kabla hujaweka siku ya upasuaji.