Nikea 325: Yesu hakupigiwa kura awe Mungu

Ndugu yangu, hapo unaposema Yesu alifanywa Mungu kwa kura kule Nikea, kwenye mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa mwaka 325, hapana. Rudi nyuma miaka zaidi ya mia mbili, mkoa ule ule. Nikea ilikuwa Bithinia, mkoa wa Dola ya Kirumi katika Uturuki ya leo, na karibu mwaka 112 gavana wa huko, Pliny, alimwandikia Kaisari Trajan kuomba ushauri kuhusu Wakristo. Huyu si mtu wa kuwapendelea, alikuwa akiwaua. Walioiacha imani walimweleza kwamba zamani walikuwa wakikutana siku maalumu kabla hakujapambazuka, wakimwimbia Kristo kwa kupokezana kama anavyoimbiwa mungu, na kuapa kwamba hawataiba wala kuzini. Baadaye walikutana tena kula chakula, cha kawaida tu. Pliny hakuridhika. Akawatesa wanawake wawili watumwa, wahudumu wa kanisa, na hakupata kosa lolote isipokuwa alichokiita ushirikina. Wanawake wale majina yao hatuyajui, na kila nikiusoma ule mstari naumia.

Nikea walibishania jambo jingine. Arius, kasisi wa Aleksandria, alifundisha kuwa Mwana ana mwanzo, yaani aliumbwa na Baba kabla ya vyote. Maaskofu wakajibu kwamba ana umungu mmoja na Baba. Waliokataa katakata kutia sahihi walikuwa maaskofu wawili tu, lakini ubishi haukuisha. Uliwagawa Wakristo hadi Mtaguso wa Konstantinopoli, mwaka 381.