Kabla hamjachora sinthesaiza ya sauti nane

Wadogo zangu, nimepitia tena mipango ya miradi ya sinthesaiza, yaani kinanda kinachozalisha sauti kwa sakiti. Kila kundi limeandika sauti nane (noti nane kwa pamoja), skrini ya kugusa na nafasi ya kuhifadhi mipangilio mamia. Osileta, sakiti inayozalisha noti yenyewe, imepewa mstari mmoja. Nawaomba mgeuze, maana mradi utakwama kwenye huo mstari mmoja.

1. Jengeni sauti moja: osileta, filta, VCA (kikuzaji kinachodhibitiwa kwa volti) na envelopu (inayopandisha na kushusha sauti), basi. Ikishika tyuni, nyingine ni kunakili.

2. Amueni mapema kazi ya kompyuta inaishia wapi. Sinthesaiza ya Prophet-5 ya mwaka 1978 ilitumia prosesa ya Z80 kusoma nobu, kuhifadhi mipangilio na kutyuni osileta, ila sauti yenyewe haikupita ndani ya prosesa. Mpaka huo bado unafaa.

3. Pigeni hesabu ya biti kabla ya kununua DAC, chipu inayogeuza namba kuwa volti. Volti ndiyo inayoamua noti; kwa volti 1 kwa oktavi, nusu toni ni milivolti 83.3. DAC ya biti 12 ikitandazwa kwenye volti 10 huruka karibu milivolti 2.4 kwa hatua, yaani takriban senti 3 (senti ni sehemu moja ya mia ya nusu toni), na osileta mbili zikilia pamoja sikio linalikamata hilo. Noti zipeni biti 16. Filta biti 12 zinaitosha.

4. Joto. Hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu bado linaniuma.

Kundi letu liliacha rezista ya kufidia joto. Mimi ndiye niliyeshikilia iachwe: nilisema programu itasahihisha. Tukapima kila noti kifaa kikiwa wazi mezani, tukaweka jedwali la masahihisho kwenye kumbukumbu, na tyuni ikatoka safi. Kisha tukafunga kila kitu ndani ya kasha, regyuleta ya umeme, ambayo hutoa joto, ikiwa chini kabisa ya bodi ya osileta. Siku ya kuwasilisha tuliwasha mapema tukijaribu noti ya katikati tu, na hiyo haikuyumba. Mwenzetu alipoanza kupiga, noti za juu zilikuwa zimeshuka na za chini zimepanda. Oktavi zote zimejibana. Jedwali lilikuwa sahihi kwa sakiti ya baridi, na sakiti hiyo haikuwepo tena. Mwenzetu aliyekuwa amefanya mazoezi kwa bidii kuliko sote ndiye aliyebaki mbele ya watu na kinanda kisichopigika. Uamuzi ulikuwa wangu, aibu ikamwangukia yeye.

Sababu yake mnaijua darasani: kigeuzi cha eksponenti, sakiti inayogeuza volti kuwa masafa ya noti, hufuata volti ya joto ya transista, nayo hukua sambamba na kelvini. Karibu na nyuzi 27 za Selsiasi, kila nyuzi moja husogeza skeli kwa takriban asilimia 0.33. Joto likipanda nyuzi 10, noti iliyo oktavi 3 kutoka noti ya msingi inapotoka kwa zaidi ya nusu toni nzima. Kwa hiyo wekeni rezista ya kufidia ya karibu ppm (sehemu kwa milioni) 3300 kwa nyuzi, igusane kabisa na jozi ya transista. Na tangu mchoro wa kwanza wa bodi, vuteni njia kutoka osileta kupitia komparata (inayolinganisha volti) hadi taima ya prosesa, ili mashine ijipime yenyewe ikiwa imeshapata joto. Njia hiyo ikisahauliwa, hakuna programu itakayoiokoa mashine.

Mkiona muda hautoshi, chipu ya osileta ya CEM3340 ina fidia ya joto ndani yake. Au tumieni osileta inayodhibitiwa kidijitali, kama sinthesaiza ya Juno-6 ya 1982: saa ya dijitali inashika noti, wimbi linabaki la analogi. Hiyo ni sinthesaiza halali, msikubali kubezwa.

5. Graundi ya dijitali na ya analogi zikutane sehemu moja tu. Kila chipu ipate kapasita ya nanofaradi 100 karibu na miguu yake.

6. MIDI, njia ya kupokea noti kutoka vyombo vingine, ipitie optokapla (inayopitisha ishara kwa mwanga), biti 31,250 kwa sekunde.

7. Kwenye ratiba, kasha lifungwe katikati ya muhula, siyo wiki ya mwisho. Vipimo vya tyuni mtakavyoniletea viwe vya kifaa kilichofungwa na kuwaka saa nzima; vya mezani sitavisoma.