Jibu: Mshale wa mbao unaotikisika na kuanguka karibu

Ndugu, umesema mishale yako ya msonobari inatikisika ikitoka kwenye upinde na kuanguka mapema, ingawa imenyooka na ina manyoya ya urefu wa kidole, nawe unataka ifike mbali. Mimi ningeanza na manyoya. Manyoya marefu hivyo ni ya mishale ya kuwindia. Ya mishale ya masafa, yaani ya kushindania umbali, hupunguzwa mpaka yabaki madogo na ya chini, maana kila unyoya unashika upepo.

Kisha umbo. Waturuki wa zama za Osmani, waliokuwa wakishindania masafa pale Okmeydanı, Istanbul, walichonga mti wa mshale uwe mnene katikati na mwembamba kuelekea ncha zote mbili, uzito upungue bila ugumu kupotea sana. Malizia kwa msasa, randa itakula mno. Nyuzi za mbao zikikatiza ubavuni, tupa, usije ukapasukia mkononi.

Kupima: laza mti juu ya misumari miwili, ning'iniza kitu cha kilo moja katikati, tazama unavyopinda. Unaotikisika huenda ni laini au mgumu mno kwa upinde wako. Rusha siku isiyo na upepo, kwa pembe pungufu kidogo ya digrii 45, na mbele kusiwe na mtu wala mifugo.